Mama hataki kusikia maandamano, nami siwezi kunyamaza

Mshauri mpendwa,

Mimi ni msichana wa miaka 21, niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Nasomea takwimu. Nyumbani ni Pipeline, Embakasi, ambako mama anauza chapati na maharagwe kando ya barabara. Wateja wake wengi ni vijana wa vibarua vya Industrial Area. Nina wadogo wawili, mmoja sekondari na mwingine shule ya msingi. Baba alitutoka nikiwa darasa la saba.

Nilipoingia chuoni nilikuwa na shabaha moja: nimalize, niajiriwe kwenye bima au benki, nimtoe mama kwenye moshi. Siasa niliziona kelele za watu wasio na kazi. Kisha ukaja ule Mswada wa Fedha wa 2024. Niliusoma kwa sababu ya mama, maana ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, na kwetu mtungi wa lita 20 haukai. Nikawa nawaeleza wenzangu hosteli kifungu baada ya kifungu. Usiku mmoja wakanisukuma nizungumze kwenye mjadala wa mtandao wa X, watu maelfu wanasikiliza, mimi ambaye hata mbele ya darasa huona haya. Nilizungumza. Mwezi wa sita nikashuka mjini na wengine. Sikurusha jiwe, sikugusa duka la mtu. Kesho yake macho yalikuwa mekundu kwa vitoa machozi, nikamwambia mama ni mafua.

Tangu hapo sijawa yule wa zamani. Padri wetu wa wanafunzi alianzisha kikundi cha kusoma habari za madeni ya nchi maskini, kwa kuwa 2025 ulikuwa mwaka wa Jubilei na Papa Fransisko alikuwa ameomba mataifa tajiri yasamehe madeni. Huko ndiko nilikojua kwamba Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ili kulipia deni jingine lililokuwa linaiva Juni, wakati Ujerumani ilikuwa ikikopa kwa chini ya asilimia 3. Nilijua pia kwamba Kimbunga Idai kilipoubomoa mji wa Beira mwaka 2019, Msumbiji ilipewa mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nyumba imeezuliwa, unaongezewa deni! Mshauri, mambo haya yananikosesha usingizi. Wenzangu wakininunulia chipsi Moi Avenue, nazitazama tu. Mwenzangu wa chumba amechoka nami, anasema kila kitu kwangu sasa ni mhadhara.

Nimefikia hata kupiga hesabu ya mama. Benki ya Dunia inasema asiyefikisha dola 3 kwa siku ni maskini wa kutupwa. Hizo ni kama shilingi 390. Mama siku nzuri hubaki na 1,300. Nikagawa kwa sisi wanne, ikaja 325. Kumbe wale watu milioni 800 ninaowasoma, mmoja wao ndiye anayenipikia!

Sasa kiini cha barua yangu. Mama alikuwa anatoa nguo zangu chafu kwenye begi akakuta bango la maandamano limekunjwa. Hakunigombeza. Aliendelea kukanda unga, kisha akaniuliza kama namjua mjomba. Namjua: kaka yake mkubwa, yuko kijijini Mumias na miwa yake. Mwaka 1982 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikamatwa baada ya jaribio la mapinduzi, akaachiliwa, lakini masomo hakurudia tena. Mama alikuwa mtoto mdogo, anakumbuka nyanya yetu akitembea na nguo za mjomba kwenye mfuko bila kujua azipeleke wapi. Kisha akaniambia: “Umaskini wa dunia wewe umeujua kwa vitabu. Mimi naujua kwa kodi ya nyumba. Ukitaka kusaidia maskini, anza na hapa.” Sikuwa na jibu.

Likizo ndefu inaanza Mei. Kampuni moja ya bima imenipa nafasi ya mafunzo ya kazi miezi mitatu, shilingi 20,000 kwa mwezi. Miezi hiyohiyo kikundi cha vijana wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kinanitaka nijitolee kuwasaidia kuchambua bajeti ya kaunti na habari za madeni. Hawalipi, ni nauli na chakula cha mchana tu. Moyo uko Mukuru. Tena nafikiria kuacha takwimu nihamie kozi ya masomo ya maendeleo, kwa sababu sioni nitawasaidiaje maskini wa dunia nikikadiria ajali za magari.

Je, nimkaidi mama? Ama nimezaliwa nimlipie tu fadhila, mengine niyaache?

Binti wa Pipeline

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu,

Umeuliza kuhusu likizo na kuhusu kozi, lakini barua yako kuanzia mwanzo hadi mwisho inamzungumzia mama. Mswada uliusoma kwa ajili yake. Mafua ulimdanganya yeye. Hata Benki ya Dunia umeipeleka ikapime chapati zake. Kwa hiyo niruhusu nianze naye, hayo mengine tutayafikia.

Hofu yake usiichukulie kuwa ya mtu asiyeelewa mambo. Baada ya Agosti 1, 1982, wanafunzi wengi walizolewa na chuo kikuu kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kiongozi wa wanafunzi wakati huo, Titus Adungosi, alihukumiwa miaka 10 akafia gerezani mwaka 1988. Hiyo ndiyo hewa mama yako aliyoivuta utotoni. Na ukisema hayo ni ya kale, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliripoti zaidi ya vifo 60 katika maandamano ya 2024, na hadi mwisho wa mwaka huo ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya watu kutekwa au kutoweka. Wewe ni mtu wa namba. Anachokuambia mama ni namba pia, ila yeye ya kwake ina sura ya kaka yake.

Kuna jambo nimelitafuta kwenye barua yako nikalikosa. Habari za mjomba umezipata kwa mama, naye alizipata akiwa mtoto. Mjomba mwenyewe anasemaje? Umewahi kumuuliza? Miaka zaidi ya 40 watu wanamtumia kama onyo kwa watoto, na sijui kama kuna aliyeketi naye akamwomba asimulie. Huenda akakuunga mkono. Huenda akakuambia mama yako ana haki, au akaondoka aende kuangalia miwa yake bila kukujibu. Kuna hatari ya kutonesha kidonda, kwa hiyo usimwendee kama mtu anayetafuta shahidi wa kumshinda mama. Mwendee kama mpwa wake.

Sasa hiyo hesabu ya shilingi 325. Nitakusumbua kidogo, kwa sababu najua unaipenda kazi yako. Zile dola 3 za Benki ya Dunia hazibadilishwi kwa bei ya forex, ile ya kubadilishia fedha mjini. Zinapimwa kwa kile ambacho pesa zinanunua katika kila nchi, na kwa kuwa shilingi hapa inanunua zaidi ya thamani yake ya forex, mstari wenyewe wa umaskini uko chini sana ya 390. Ukipiga upya, huenda mama yako yuko juu ya mstari. Tena mstari huo hadi Juni 2025 ulikuwa dola 2.15. Ulipopandishwa hadi 3, watu zaidi ya milioni 100 waliongezeka kwenye hesabu ya maskini, na hakuna hata mmoja wao aliyepoteza shilingi siku hiyo. Sikuambii haya ili kukuonyesha kwamba umaskini ni hadithi. Nakuambia kwa sababu mama yako, awe juu ya mstari au chini yake, kodi ya nyumba ni ileile. Je, anajua ulimhesabu? Angejisikiaje akisikia binti yake amemweka kwenye kundi la watu wa kuhurumiwa? Mwanamke anayesomesha watoto watatu kwa chapati sidhani anajiita maskini wa kutupwa.

Badala yake, ningekuwa wewe ningempelekea habari ya mafuta. Kile kipengele cha asilimia 25 kiliondolewa Juni 18, 2024, wiki moja kabla wabunge hawajaupigia mswada kura, na Juni 26 Rais akakataa kuutia sahihi. Kelele mlizopiga zilihusu mtungi wake. Sijui kama kuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mwambie bila kujigamba, maana atakuuliza mbona mafuta bado ni ghali, na hilo ni swali zuri litakalokupeleka kwenye bei za soko la dunia, thamani ya shilingi, na hayo madeni unayoyasoma usiku. Mnaweza kuwa na mazungumzo marefu ninyi wawili, yeye akikanda na wewe ukisukuma chapati. Anajua mambo ambayo kikundi chenu cha padri hakiyajui: nani kwenye ploti amehamia chumba kidogo, mteja gani siku hizi anaomba nusu sahani.

Halafu kuna yale mafua. Hapo ndipo nina wasiwasi nawe kweli. Mtu mzima wa miaka 21 ana haki ya kutomwambia mzazi kila kitu, na Katiba, kifungu cha 37, inakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Kifungu cha 49 kinataka ukikamatwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini siku mambo yakiharibika, mama atakutafuta hosteli na wewe uko seli ya kituo asichokijua. Atakuwa nyanya yako tena, na mfuko wa nguo mkononi. Iwapo utaendelea, lazima awepo mtu mmoja wa familia anayejua ulipo na utarudi saa ngapi, mwenye namba ya wakili. Kama mama hawezi kuibeba habari hiyo, labda shangazi, au mama wa ubatizo. Kwa maoni yangu lakini, mama huyu anaweza. Alikuta bango akaendelea kukanda unga. Hiyo si dalili ya mtu dhaifu. Na nchi hii imewaona akina mama wa aina yake: mwaka 1992 mama za wafungwa wa kisiasa walipiga kambi Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, na walipotimuliwa wakahamia kwenye Kanisa Kuu la All Saints. Sisemi mama yako atafanya hivyo. Wala simwombei ajikute hapo.

Chipsi, kula. Hakuna mtoto wa Beira atakayeshiba kwa sababu wewe umelala njaa Moi Avenue, na huyo mwenzako wa chumba anahitaji jioni moja isiyo na hotuba.

Tuje kwenye likizo. Umeziweka kampuni na Mukuru kama kwamba moja ni tumbo na nyingine ni dhamiri. Sina hakika na mgawanyo huo. Shilingi 60,000 za miezi mitatu ni karo ya mdogo wako, na hilo nalo ni jambo la haki, hata kama halina bango. Tena kampuni za bima za hapa ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa hati fungani za serikali. Yaani utakaa kwenye jengo ambalo linaikopesha serikali, uone riba inavyopangwa na wakopeshaji wanavyofikiri. Katika kikundi chenu cha padri, ni wangapi wameliona deni kutoka upande huo? Hatari yake unaijua mwenyewe: mshahara huzoeleka. Miezi mitatu inakuwa kazi, kazi inakuwa mkopo wa gari, na siku moja unajikuta unawacheka wanaoandamana. Wapo niliowaona wakienda hivyo. Wapo pia ambao hawakwenda.

Mukuru nako kuna utajiri ambao bima haina. Kusoma bajeti na watu ambao mtaro wao ndio huo ulioandikwa kwenye bajeti na haujachimbwa ni elimu ambayo mhadhiri hawezi kukupa. Ila uliza mapema: nauli na chakula vinatoka mfuko wa nani? Kuna mwanasiasa nyuma? Vikundi vya vijana jijini huanza safi, na uchaguzi ukikaribia anatokea mtu na fulana za bure. Waulize pia wanataka wewe ufanye nini hasa, siku zipi, kwa muda gani. Watu wanaojitolea huchoka, na mara nyingi anayechoka kwanza ni yule aliyeahidi kila kitu.

Kalenda inaweza kukusaidia kufikiri. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na bajeti hupitishwa kabla ya Juni 30. Kwa hiyo kama kazi ya kikundi ni bajeti, moto wake uko Mei na Juni. Je, kampuni inaweza kukubali uanze Julai? Je, Mukuru wanaweza kukutumia Jumamosi tu, au kukutumia nyaraka uzichambue usiku? Sijui, na wewe hutajua hadi uulize. Wengine wamejaribu kushika yote mawili wakaambulia ripoti mbovu huku na lawama kule, hilo nalo lipime. Uchovu wa kupanda matatu ya Pipeline saa moja jioni unaujua kuliko mimi.

Kuhusu kuhama kozi, hapa ndipo sikukuelewa vizuri. Unasema takwimu hazitawasaidia maskini wa dunia. Mwaka 2005 nchi tajiri zilikubaliana Gleneagles, kule Scotland, kufuta madeni ya nchi 18 kwa Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tanzania na Uganda zilikuwemo. Kenya haikuwemo, kwa sababu hesabu zilionyesha deni letu linabebeka. Jiulize hesabu hizo alizipiga nani, na upande wetu wa meza alikuwepo nani wa kuzipinga mstari kwa mstari. Au twende Busia. Michael Kremer, mmoja wa wale watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, alifanya utafiti katika shule za msingi kule: watoto wakapewa dawa za minyoo, kisha mahudhurio yao darasani yakalinganishwa na ya shule ambazo bado hazijapewa. Kazi hiyo haikuwa na megafoni. Ilikuwa takwimu tupu, na wapo wataalamu ambao hadi leo wanabishana juu ya matokeo yake, kwa takwimu pia.

Lakini kama shida ni kwamba takwimu zenyewe zimekuchosha, kwamba ukifungua daftari unahisi usingizi, hiyo ni habari nyingine na hukuiandika. Ukweli huo unaujua wewe. Kuhama ukiwa mwaka wa tatu kunaweza kurudisha masomo nyuma, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hautakusubiri upate wito wako. Kuna wanaomaliza shahada ya kwanza kisha wakachukua masomo ya maendeleo kwenye ya pili. Kuna waliohama mapema na hawakujuta. Ningependa ukae na mhadhiri wa idara hiyo unayoitamani, umwulize wahitimu wake wa miaka mitano iliyopita wako wapi leo.

Umeniuliza kama umkaidi mama au umlipe fadhila. Sikuona mahali alipokudai fadhila. Alisema uanze na hapa, hakusema uishie hapa. Huenda alimaanisha hivyo unavyoogopa, huenda hakumaanisha, na ni yeye tu anayeweza kukujibu. Muulize siku ambayo biashara imetembea vizuri, wadogo wamelala, na usiwe na simu mkononi.

Kisha itazame tena barua ya kampuni uone tarehe ya mwisho ya kuwajibu. Kama imekaribia, waandikie uombe wiki moja zaidi. Wengi hukubali, na wiki hiyo nauli ya Mumias unaweza kuitafuta.